Usiulize Bei, Uliza Ilitengenezwaje

Mwezi Juni mwaka jana mjomba wangu, anayeishi Tabora, alituma picha mbili kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ya kwanza ilikuwa shilingi ya zamani, ile kubwa nyeupe yenye sura ya Mwalimu Nyerere. Ya pili ilikuwa shilingi hiyohiyo imegeuzwa, na mahali ambapo wazee wetu walizoea kuona mkono ulioshika mwenge palikuwa na Mwalimu tena. Chini yake aliandika: “Wasomi wetu, hii wanasema kiwanda kilikosea. Inaweza kufika shilingi ngapi?”

Dakika tano hazikuisha. Binamu zangu walituma vikatuni vya kucheka. Mmoja alimwita bilionea, mwingine akaomba gari. Mimi, ambaye niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili na ndiye niliyekuwa nikitajwa katika neno “wasomi”, niliandika kirefu kuliko wote. Nilisema hiyo ni sarafu ya mazingaombwe, na kwamba mtu mzima hapaswi kudanganywa na video za mitandaoni. Kuhusu sarafu nilikuwa sahihi. Mjomba hakujibu.

Wiki tatu baadaye mama alinipigia. Kumbe siku ile mjomba alipouliza, alikuwa ameshamlipa dalali mmoja 150,000 za “ada ya uhakiki”. Baada ya sisi kumcheka alilipa nyingine 220,000, na hizo alizikopa kwenye kikoba. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Makala haya ni ugomvi, na nina watu wa aina mbili wa kugombana nao. Wa kwanza ni wale wanaotangaza bei ya sarafu kabla ya kueleza ilitengenezwaje. Wa pili ni sisi tunaojua, au tunaoweza kujua kwa jioni moja ya kusoma, tukachagua kucheka. Wa kwanza wanakula fedha ya watu. Wa pili tunawapelekea wateja.

Nianze na wa kwanza. Video zao zinafanana. Kidole chenye kucha safi kinaelekeza kwenye sarafu, sauti inasema tazama hapa, herufi hii imekatika, hii tarehe imejirudia, ukingo huu umeliwa, kama unayo usiitumie, ina thamani ya mamilioni. Hawasemi kiwanda cha sarafu kinafanyaje kazi. Na bila kujua kiwanda kinafanyaje kazi, neno “kosa la kiwanda” halina maana yoyote. Ni sawa na kusema mwalimu wa hesabu amekosea bila kuonyesha mstari alipokosea.

Kazi yenyewe si fumbo. Kwanza bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo, visahani vitupu visivyo na maandishi. Kisha visahani hivyo hubanwa pembeni na mashine ili ukingo uinuke kidogo. Halafu kila kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke ovyo. Mihuri hukutana kwa nguvu kubwa mara moja, na kisahani kinatoka kikiwa fedha. Kwa hiyo kosa la kweli lina anuani. Lilitokea kwenye kisahani, au kwenye muhuri, au wakati wa kupiga. Mtu anayekuambia sarafu yako ina kosa lakini hawezi kukutajia anuani, hajui anachokisema, au anakijua vizuri sana.

Kuna jambo la pili, na kwangu hili ndilo kiini cha elimu yote ya sarafu zenye kasoro: kosa la kweli huacha alama zaidi ya moja, kwa sababu lilipitia mashine pamoja na sarafu nzima. La kughushi kwa kawaida huonekana pale tu ambapo mghushi alitaka utazame.

Chukua sarafu iliyoliwa ukingoni, kama mkate uliong'atwa. Hutokea kiwandani pale kifaa cha kukatia kinaposhuka juu ya tundu lililokwishakatwa, kisahani kikatoka na pengo la mviringo. Mtu mwenye tupa anaweza kutengeneza pengo kama hilo nyumbani kwake. Lakini tazama upande ulio mkabala na pengo. Kama pengo lilikuwepo tangu mwanzo, basi wakati wa kuinua ukingo mashine haikupata kitu cha kukandamiza upande wa pengo, kwa hiyo na upande wa mkabala haukubanwa vizuri. Mara nyingi ukingo wa hapo hutoka dhaifu, umefifia. Mwenye tupa hufanya kazi upande mmoja tu. Ule wa pili anausahau, au hajui kwamba upo.

Chukua sarafu yenye picha iliyogeuka kama kwenye kioo, imezama ndani badala ya kuchomoza. Kiwandani hutokea pale sarafu iliyokwishapigwa inaponasa kwenye muhuri, na kisahani kinachofuata kikapigwa dhidi ya sarafu hiyo badala ya muhuri. Karakana yoyote yenye jiliwa inaweza kubana sarafu mbili pamoja ikapata picha ya kioo. Basi igeuze. Ya kiwandani, upande wa pili uligongwa na muhuri halisi, kwa hiyo picha yake imekaa wima, kali, kamili. Ya jiliwa, upande wa pili umelala, umesagika dhidi ya chuma.

Au chukua maandishi yanayoonekana mara mbili. Mwaka 1955 kiwanda cha Philadelphia, Marekani, kilitoa senti ambazo tarehe na maneno yake yamejirudia waziwazi. Muhuri wenyewe, wakati unatengenezwa, ulichapwa mara mbili ukiwa umezunguka kidogo, ukabeba maandishi mawili. Takriban senti 20,000 za namna hiyo ziliingia mitaani, na zinatafutwa hadi leo. Lakini sarafu nyingi mno duniani zina kivuli cha herufi kinachotokana na muhuri kulegea na kuteleza wakati wa kupiga. Hizo herufi zake huonekana kama zimesukumwa, zina ngazi bapa pembeni, na kila herufi huwa imeliwa unene wake. Ya 1955 ina herufi mbili kamili, kila moja na mwili wake. Tofauti hiyo huonekana kwa kioo cha kukuzia cha bei ya soda chache. Watu wa video hawakuonyeshi kioo hicho, maana ukikishika biashara yao inakwisha.

Najua jibu lao. Watasema: lakini makosa ya kweli yapo, na watu wameuza. Ni kweli yapo. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha michoro ya sarafu zake. Katika peni 20 tarehe ilikuwa upande wa nyuma. Mchoro mpya uliihamishia upande wa kichwa cha Malkia. Katikati ya mabadiliko hayo muhuri wa zamani wa kichwa uliunganishwa na muhuri mpya wa nyuma, na sarafu zikatoka bila tarehe upande wowote. Kiwanda chenyewe kilikiri. Tazama lakini jinsi habari hiyo inavyosimama: kuna mwaka, kuna sababu, kuna mihuri miwili inayojulikana, na mtu yeyote anaweza kueleza hatua kwa hatua tarehe ilipotelea wapi. Hivyo ndivyo kosa la kweli linavyojieleza.

Mfano wao mwingine ni senti ya Marekani ya 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilibaki kwenye mitambo na kupigwa pamoja na vya chuma, na senti hizo chache za shaba ni miongoni mwa sarafu zenye kosa zinazojulikana zaidi duniani. Umaarufu huo ulizaa nini? Ulizaa watu wanaopaka shaba juu ya senti za chuma, na watu wanaochonga tarehe ya 1948 hadi nane ifanane na tatu. Ya kupakwa inaumbuliwa na sumaku: ikinasa, ndani ni chuma. Kwa hiyo mfano wanaoutumia kukushawishi uamini ndio mfano unaokufundisha upime kwanza.

Na si kila kilicho kigeni machoni ni kosa, hata pale ambapo hakuna aliyeghushi. Huku kwetu bado yapo masanduku ya bibi zenye zile senti tano na senti kumi zilizotobolewa katikati, zilizotumika enzi za Waingereza. Baadhi ya zile za mwaka 1936 zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeingia Januari akajiuzulu Desemba mwaka huohuo. Mtu anayejua historia kidogo anashtuka: huyu hakukaa hata mwaka, fedha yake imetoka wapi? Hapo dalali anapata mlango. Maelezo ni rahisi. Sarafu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na taji na jina tu, kwa hiyo hazikuhitaji kusubiri picha yake ichongwe. Zilipigwa, zikatumwa, zikatumika sokoni. Hakuna aliyekosea kitu, isipokuwa labda mfalme.

Mjomba anaishi katika mji wenye somo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa baharini na Waingereza, fedha kutoka Ulaya haikuweza kufika tena. Walipiga sarafu zao papo hapo Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli: heller za shaba na shaba nyeupe, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Zile heller ukizishika leo utadhani kila moja ni kosa. Maandishi yamepinda, taji halifanani kati ya sarafu na sarafu, kingo zimechoka. Zote zilitengenezwa kwa haraka, vitani, kwa mihuri kadhaa iliyotofautiana. Mahali ambapo ukali wa mchoro haukuwahi kuwa kanuni, huwezi kuita ufifi wa mchoro kosa. Kosa linahitaji kwanza ujue kawaida ya kiwanda kile, mwaka ule. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba mwaka huohuo, na upigaji ukafa. Hadi leo watu wanauziana sarafu hizo kwa hadithi za kosa, wakati hadithi yake ya kweli inatosha na inazidi.

Sasa nirudi kwa Mwalimu wa pande mbili.

Agosti nilipanda treni kwenda Tabora. Nilimwambia mama naenda kusalimia. Mjomba alinipokea stesheni, nikamwamkia, akaitikia, akabeba begi langu, wala hakugusia jambo lile. Ni huyu aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita, kila muhula, kwa fedha ya asali na mpunga. Usiku wa pili ndipo nilipoomba kuiona. Aliitoa kwenye leso iliyofungwa fundo mbili, kama bibi anavyotunza nauli. Aliniwekea mezani na kukaa pembeni, akitazama ukuta.

Nilikuwa nimejiahidi kutosema neno lolote la hukumu. Kesho yake asubuhi tulizunguka kwa majirani tukiazima shilingi za aina ileile, tukapata sita. Tukaenda kwa sonara mmoja mjini mwenye mizani ya kidijitali. Zile sita, pamoja na kuchakaa kwake, zote zilicheza karibu na gramu 8. Ya mjomba ilipungua zaidi ya nusu gramu. Sonara aliipima mara tatu bila kuombwa. Kisha nikamwomba mjomba aangushe mojawapo ya zile sita juu ya kioo cha meza, asikilize, halafu aangushe ya kwake. Zile zililia. Ya kwake iligonga kama kifungo cha koti.

Sonara ndiye aliyeona mshono. Aliweka kioo chake jichoni, akaizungusha polepole chini ya taa, akasema, “Mzee, njoo uone.” Ndani kidogo ya ukingo, upande mmoja tu, palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, unaozunguka sarafu nzima pasipokatika. Fundi alikereza shilingi moja ikawa kama sahani yenye kina, akakereza ya pili ikawa nyembamba na ndogo, akaichomeka ndani. Vichwa viwili, sarafu mbili. Sonara alisifu kazi ile kwa moyo kabisa. Alisema aliyefanya hivyo ana mkono.

Nilimweleza mjomba kilichobaki. Kwamba mihuri ya chini na ya juu si kitu kimoja, na katika viwanda vingi hutengenezwa kwa maumbo tofauti ili usiweze kuufunga mmoja mahali pa mwenzake. Kwamba sarafu za kichwa pande zote zilizothibitika kuwa za kiwandani duniani ni chache mno, ilhali za kukerezwa huuzwa kama vifaa vya michezo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja: “Hii mizani ni shilingi ngapi kupimia?” Sonara akasema ni bure.

Alikuwa amelipa 370,000 kwa jambo ambalo lingejulikana bure, dukani, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwake.

Hapa ndipo ninapogombana na sisi. Wenzangu darasani, nilipowasimulia, walisema yaleyale niliyoyasema mimi Juni: tamaa, ujinga, watu hawasomi. Ninakataa. Mjomba alifanya kile tunachofundishwa kufanya vyuoni: alikutana na kitu kisichoeleweka, akawauliza watu aliodhani wana elimu. Aliuliza hadharani, akitumia jina lake, mbele ya watoto aliowasomesha. Dalali alimjibu kwa adabu, akamwita mzee, akamtumia ujumbe mrefu wenye maelezo ya uongo. Sisi tulimtumia vikatuni. Mtu akichagua kati ya uongo uliovaa heshima na ukweli uliovaa dharau, usishangae akichagua heshima. Mimi nilikuwa na ukweli, nikautupa mezani kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Tena kile nilichokiita ukweli hakikuwa maarifa. Juni sikujua lolote kuhusu mihuri, visahani wala mishono. Nilijua tu kwamba mambo ya namna hii huwa ni utapeli, nikalitumia hilo kama hoja. Lakini “huwa ni utapeli” haimwambii mtu kitu kuhusu sarafu iliyo mkononi mwake. Dalali anaweza kujibu kwamba ya kwako ni ya kipekee, na kwa hoja yangu ile nisingekuwa na la kumjibu. Mizani ndiyo yenye la kumjibu. Imani yangu ya kutoamini ilikuwa sawa na imani ya mjomba ya kuamini: zote mbili hazikuwa zimepima kitu.

Kuna na wale wanaosema kazi hii tuwaachie wataalamu wa nje, wenye vyeti na vikasha vya plastiki. Sipingi utaalamu. Kwa sarafu ambayo imeshafaulu majaribio yote ya nyumbani, jicho la mtaalamu linahitajika. Lakini sentensi hiyo, ikisemwa kwa mtu wa Tabora, Bukoba au Lindi, maana yake huwa moja: wewe huwezi kujua, lipia mtu ajue kwa niaba yako. Na hiyo ndiyo sentensi ya dalali neno kwa neno. Ada ya uhakiki inalipika kwa sababu tumekubali kwamba uhakiki ni kitu cha mbali. Sehemu kubwa ya uhakiki huu ni kulinganisha kitu na ndugu zake: uzito kwa uzito, ukingo kwa ukingo, sauti kwa sauti. Kazi hiyo mama ntilie anaifanya kila asubuhi anapochagua nyanya.

Basi nina ombi, na ninalitoa kwa ukali ule niliojitolea mwenyewe. Picha ya sarafu itakapoingia kwenye kundi lenu, na itaingia, usitume kikatuni. Usitaje bei pia, hata kwa utani, maana bei ikishatajwa hakuna anayesikia kingine. Mwombe mzee picha ya ubavuni. Mwambie atafute sarafu nyingine ya aina hiyohiyo na azipime zote mbili kwa sonara aliye jirani. Muulize ananasa sumaku au hanasi. Kisha kaa naye mtafute ni hatua gani ya kiwanda ingeweza kuzaa kitu kile. Ikipatikana, mtafurahi pamoja. Isipopatikana, atakuwa ameiona mwenyewe, na hatahitaji kuaibishwa na mtu.

Dalali hapokei simu tena. Sarafu iko kwenye leso ileile. Mjomba amekataa kuitupa, na sikumlazimisha. Marejesho ya kikoba ni kila Jumapili. Tangu Septemba nusu yake ninaituma mimi. Haijaisha.